Nilivyojifunza Ukunga Kando ya Waliojitolea

Mwanafunzi wa uuguzi na ukunga anapopangiwa mafunzo kwa vitendo katika wodi ya wazazi, barua yake humtambulisha kwa mkuu wa wodi, na daftari lake la vitendo humtaka apate saini za wakunga walioajiriwa. Hakuna mahali katika karatasi hizo panapowataja watu ambao, kwangu mimi, walibeba sehemu kubwa ya mafunzo yenyewe, yaani wakunga waliohitimu, wenye leseni, wanaojitolea huku wakisubiri ajira. Nimemaliza awamu yangu katika hospitali moja mjini Tanga, na ninaandika nikiwa bado nakumbuka vizuri namna kila mmoja wao alivyofanya kazi, kwa sababu naona mazungumzo juu yao huishia ama katika kuwasifu kwa moyo wao mwema ama katika kuwasikitikia kwa kukosa kazi. Ni nadra mtu kueleza wanafanya nini hasa, nani anawasimamia, na mama aliyelala kitandani ananufaika vipi wanapokuwapo.

Wodini kwetu walikuwapo wa makundi mawili, na ni vyema kuwatofautisha tangu mwanzo. Kundi la kwanza ni hao niliowataja: vijana waliomaliza stashahada au shahada, wakafaulu mitihani, wakasajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, kisha wakabaki na vyeti nyumbani kwa kuwa nafasi za ajira zinazotangazwa ni chache kuliko wanaohitimu. Huandika barua ya kuomba kujitolea, na wakikubaliwa hupangiwa zamu. Kundi la pili ni wageni kutoka nje ya nchi, wengi wao wanafunzi wa udaktari au ukunga, wanaokaa kwa wiki chache. Tanga imezoea wageni wa namna hiyo. Mji una udugu na Eckernförde ya Ujerumani na Toledo ya Marekani, na hata mama anayekaanga mihogo nje ya geti anajua kumwelekeza Mzungu aliyepotea njia ya kwenda wodini. Makundi haya yote huitwa watu wa kujitolea, lakini kazi zao, haki zao na mipaka yao si sawa, na utata mwingi nilioushuhudia ulitokana na kuyachanganya.

Mimi ni mwanamume, na jambo hilo lina uzito katika wodi ya wazazi ya mji wa mwambao. Wengi wa akina mama wanaofika pale, wawe wa Ngamiani na Makorora au wa vijiji vya Mkinga na Pangani, wamelelewa katika stara, na wengine hawajapata kuonekana bila mtandio na mwanamume asiye wa nyumbani kwao. Chuoni mkufunzi alituambia tuombe ridhaa. Aliyenionyesha ridhaa inaombwaje ni dada mmoja mwenyeji wa Pangani aliyekuwa akijitolea. Alinikataza kufika kitandani nikiwa tayari nimevaa glavu, kana kwamba jibu la mama nimekwisha kulijua. Kwanza nisimame nje ya pazia, nipige hodi, nisubiri. Nikiingia nimwamkie mtu mzima aliyemsindikiza, kama yupo, nitaje jina langu na niseme wazi kwamba mimi ni mwanafunzi. Baada ya hapo swali lenyewe nimwelekezee mama mwenyewe, si mama mkwe wala wifi, kwa kuwa mwili ni wake.

“Akikataa, sema asante mama, utoke,” aliniambia. “Usiombe mara ya pili wala usimtume mwenzako akuombee. Akiona umekubali kukataliwa, huenda baadaye akakuita mwenyewe.”

Ilitokea hivyo kweli. Mama mmoja aliyenikataa jioni aliniita alfajiri nimshikie dripu yake akienda msalani, na mchana wake akanikubalia nisikilize moyo wa mtoto. Dada yule alinifundisha pia kutandaza khanga ya pili kabla ya kuiondoa ya kwanza, ili mwili usibaki wazi hata kidogo, na kueleza kila hatua kabla mkono haujagusa. Sikuyakuta mambo hayo katika kitabu chochote cha chuo, na sijui mwanamume angewezaje kuifanya kazi hii Tanga bila kuyajua.

Watu wa nje hudhani kazi kubwa ya mkunga ni ule muda mfupi wa mtoto kutoka. Kazi kubwa ni saa zote za kabla yake na zile mbili za baada yake, na hapo ndipo upungufu wa mikono unapouma. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2018, linahesabu uchungu kuwa umekolea kuanzia mlango wa kizazi unapofunguka sentimita 5. Tangu hapo moyo wa mtoto unatakiwa kusikilizwa angalau kila nusu saa, kwa dakika nzima, na sisi tulifundishwa kuhesabu uchungu kwa dakika 10 katika kila nusu saa hiyo. Chukua wodi yenye akina mama sita walio katika hatua hiyo kwa pamoja. Kwa mkunga mmoja, kuhesabu uchungu peke yake kunamaliza dakika 60 katika kila nusu saa, kabla hajasikiliza moyo hata mmoja, hajapima presha, hajampokea mama wa saba aliyeshushwa sasa hivi kwenye bajaji. Hesabu hiyo haiwezekani. Mkunga analazimika kuchagua wa kumtazama kwanza, na huchagua kwa uzoefu wake, lakini bado ni kuchagua.

Na akina mama wanazidi kuja, jambo ambalo sisi sote tumeliomba. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 63 ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 81. Katika tafiti hizo hizo makadirio ya vifo vitokanavyo na uzazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Bibi zetu waliojifungulia nyumbani wangezisikia habari hizi kwa furaha. Ila kila asilimia inayopanda maana yake ni mlango wa leba kufunguliwa mara nyingi zaidi usiku, na orodha ya wakunga kwenye ratiba ya zamu haiongezeki yenyewe kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo usiku waliojitolea walikuwa wakifanya kazi ambayo haionekani katika takwimu yoyote: kukaa. Aliyekuwa akijitolea alipewa akina mama wawili au watatu, akavuta kiti, akakaa kati ya vitanda. Alisugua mgongo, alimpa mama maji au chai ya tangawizi iliyoletwa na nyumbani, alimwinua atembee, alihesabu, alisikiliza, aliandika. Naona kukaa huko kunadharauliwa, hata na sisi wanafunzi, kwa kuwa hakuna mstari wake katika daftari la vitendo. Lakini mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yalionyesha kwamba mama mwenye mtu wa kuwa naye muda wote wa uchungu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kujifungua kwa njia ya kawaida, na uchungu wake huwa mfupi zaidi. Hayo ni matokeo ambayo tungeyashangilia kama yangetokana na dawa mpya.

Mwalimu wangu wa patografu, yaani chati ya kufuatilia mwenendo wa uchungu, alikuwa kaka mmoja, mhitimu aliyekuwa akijitolea, mpole na mkali kwa wakati mmoja. Aliulaza mkono wangu juu ya tumbo la mama, sehemu ya juu ya kizazi, vidole vikiwa vimelegea, akaniambia nisitazame saa bado. Uchungu unapoanza, misuli hukaza chini ya kiganja kabla mama hajakunja uso. Mkono uliotulia huujua mapema, na ndipo macho yanapokwenda kwenye mshale wa sekunde. Kisha tukaingia kwenye pembe ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto, kifaa alichokibuni daktari Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895, kisichohitaji betri wala umeme. Sikio likiwa kwenye pembe, vidole viwe kwenye mshipa wa mkono wa mama, ili mapigo yake yasije yakadhaniwa kuwa ya mtoto. Mapigo kati ya 110 na 160 kwa dakika ni ya kawaida. Kilichomhangaisha kaka yule zaidi ni mapigo yanayoshuka na kuchelewa kurudi baada ya uchungu kupita.

“Usiandike namba tu, mdogo wangu,” alinikumbusha kila mara. “Andika na kama yalirudi.”

Nilikuwa nimeichora chati ile chuoni mara nyingi kama zoezi la mtihani. Yeye alinieleza ilikotoka: mwaka 1972, katika Rhodesia ya wakati ule, yaani Zimbabwe ya leo, watafiti Philpott na Castle waliiwekea mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua, ili mkunga aliye katika kituo cha mbali ajue mapema ni mama gani apelekwe hospitali kubwa. Yaani chati hii ilitengenezwa Afrika, kwa ajili ya mkunga aliye peke yake, mwenye gari lililo mbali. Tangu siku hiyo nikaacha kuijaza mwishoni mwa zamu kwa kukumbuka, kama nilivyoona wengine wakifanya. Alama inayowekwa saa tatu baadaye haimsaidii mama aliyeuvuka mstari saa tatu zilizopita.

Kuna usiku mmoja ambao nitaueleza kwa urefu. Mama wa mtoto wa nne, aliyetoka upande wa Mkinga na aliyejieleza vizuri zaidi kwa Kidigo kuliko Kiswahili, alijifungua salama mikononi mwa mkunga wa zamu. Alichomwa oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, yuniti 10 pajani ndani ya dakika ya kwanza, kondo la nyuma likatoka zima, mtoto akalia. Mkunga akaitwa kitanda cha pili, ambako mama mwingine alikuwa anasukuma. Dada wa Pangani, ambaye alikielewa Kidigo, akabaki na mzazi, nami nikabaki naye. Kizazi baada ya mtoto kutoka kinatakiwa kiwe kigumu kama chungwa chini ya kiganja, nasi tulifundishwa kukipapasa kila baada ya dakika 15 katika saa mbili za mwanzo. Dada hakuzingoja dakika 15. Alikuwa akizungumza na mama kuhusu watoto wake waliobaki nyumbani, mkono wake ukiwa tumboni, na katikati ya sentensi akanyamaza. Akainua khanga, mbele palikuwa pakavu. Akaingiza mkono chini ya kiuno cha mama, ukatoka umelowa damu iliyokuwa ikitiririka kwa nyuma na kukusanyika kwenye mpira uliotandikwa kitandani.

Hakupiga kelele ya hofu. Alimwita mkunga kwa jina, kwa sauti ya kusikika wodi nzima, akasema maneno mawili tu, kwamba mama anavuja na kizazi kimelegea. Akaanza kukikanda kizazi kwa mkono mmoja huku akiniagiza nilete boksi la dharura na niangalie saa. Mkunga alipofika alimkuta amekwisha kuweka kanula ya kwanza, kijibomba cha dripu mshipani. Kuanzia hapo mkunga ndiye aliyeongoza: oksitosini kwenye dripu, asidi ya traneksamiki ya kusaidia kuzuia damu, mpira wa mkojo ili kibofu kisikizuie kizazi kujikaza, ukaguzi wa michubuko, daktari wa zamu kuitwa. Dada aliendelea kukanda na kumweleza mama kwa Kidigo kila kilichokuwa kikifanyika, na mama alimjibu kila alipoulizwa, jambo ambalo lilitutia moyo sote kwa kuwa lilionyesha fahamu zake ziko sawa. Mimi niliandika saa na hatua, moja baada ya nyingine. Damu ilisimama kabla ya daktari kufikiria chumba cha upasuaji.

Baadaye dada alitoka nje kwenda kumpa habari mama mkubwa wa yule mzazi, aliyekuwa ameketi kwenye baraza na beseni lake la nguo miguuni.

“Shikamoo bibi. Mwanao mzima, na mtoto mzima. Alitoka damu nyingi, tumeizuia.”

“Marahaba mwanangu, Mungu akulipe. Wewe ndiye mkubwa wao hapa?”

“Hapana bibi, mimi nasaidia tu.”

Jibu hilo la mwisho limenikaa kichwani, kwa sababu naamini halikuwa sahihi. Aliyeona damu ni yeye. Kati ya mambo yote yanayoweza kumuua mama baada ya kujifungua, kutokwa na damu ni miongoni mwa yanayokwenda kasi sana, na jicho la binadamu hukadiria damu pungufu ya ilivyo, hasa inapofyonzwa na khanga au inapopita mgongoni. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ambamo wakunga walipewa mfuko wa plastiki wenye mistari ya kupimia damu na wakafundishwa kutoa matibabu yote kwa mpigo mara damu inapozidi; kutokwa damu kwa kiwango kikubwa pamoja na madhara yake mazito kulipungua kwa asilimia 60. Kiini cha mpango ule ni kugundua mapema. Mfuko ni nyenzo nzuri, na natamani uwepo kila kitanda, lakini hata mfuko unahitaji mtu aliyebaki kuutazama.

Asubuhi, katika faili la mama, hatua zote zilisomeka kama zilivyofanyika, chini ya jina la mkunga wa zamu. Ninaelewa sababu yake. Mwenye kujitolea ana leseni lakini hana barua ya ajira, na anayeulizwa na mwajiri jambo likiharibika ni yule aliye kwenye orodha ya watumishi. Mkunga yule hakudhulumu. Alimsifu dada mbele yetu sote. Lakini jina lisipokuwapo kwenye faili, basi katika kikao cha kupitia matukio ya usiku aliyeona tukio haitwi kueleza, na alichokijua kinapita kwa mdomo wa mtu mwingine. Hali ni ile ile kwa daftari langu la vitendo. Saa zote nilizofundishwa na wale wawili zimesainiwa na watu ambao kwa haki kabisa walikuwa kwenye vitanda vingine.

Jambo jingine lililoanzishwa na waliojitolea ni mazoezi ya kumsaidia mtoto asiyepumua. Palikuwa na mwanasesere wa mafunzo kabatini na mfuko wa kupulizia hewa. Wao waliutoa kila mwanzo wa zamu, kila mtu akafanya kwa dakika chache: kukausha, kuchangamsha, kuweka kichwa sawa, kuanza kupuliza kabla dakika ya kwanza haijaisha. Tanzania ni miongoni mwa nchi za mwanzo kuupima mpango wa mafunzo hayo, na utafiti ulioongozwa na Dk. Georgina Msemo, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo kupungua kwa asilimia 47 katika hospitali nane zilizoshiriki. Mazoezi haya hupotea yasiporudiwa, na katika wodi yenye shughuli nyingi hakuna anayepangiwa kuyarudia. Wale vijana walijipangia.

Sasa nije kwa wageni. Nilifanya kazi karibu na mwanafunzi mmoja wa ukunga kutoka Uingereza, na ningependa kila anayekuja afanane naye. Siku ya kwanza alimweleza mkuu wa wodi ni mambo gani ameruhusiwa kuyafanya kwao akiwa chini ya usimamizi, na yapi bado. Mkunga mmoja, kwa ukarimu wetu wa kawaida kwa mgeni, alipomwambia apokee mtoto peke yake, alikataa kwa adabu akaomba mkunga asimame naye. Ukarimu huo una hatari ambayo hatuisemi kwa sauti. Mgeni aliyevaa vizuri na mwenye kifaa shingoni hudhaniwa kuwa daktari, mama hathubutu kumkatalia, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anajikuta akiombwa kufanya jambo ambalo nchini kwake lingemfukuzisha chuo. Sheria yetu haina utata hapa: anayetoka nje na kutaka kutoa huduma ya uuguzi au ukunga anahitaji kusajiliwa na Baraza, na mwanafunzi, awe wa Tanga au wa London, hubaki mwanafunzi chini ya msimamizi. Niliwaona pia wageni waliohesabu watoto waliowapokea, na mmoja aliyetaka kupiga picha mtoto mchanga wa mama aliyekuwa bado hajaletewa hata uji. Dada wa Pangani alisimama mbele ya simu na kumweleza kwa utulivu kwamba mama hajaulizwa, na kwamba hata akiulizwa sasa hivi hayuko katika hali ya kujibu. Picha haikupigwa.

Yule Mwingereza alijifunza Kiswahili cha kutosha kusema pumua taratibu, pole mama, unaendelea vizuri. Alikuwa mtu wa kuuliza sababu ya kila kitu, na swali lake moja lilizaa matunda: aliuliza kwa nini ndugu wanangoja barazani wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mama awe na msindikizaji anayemtaka mwenyewe. Jibu tulilompa lilikuwa la kweli, kwamba ukumbi ni mmoja, vitanda vimekaribiana, na mama wa kitanda cha jirani naye ana stara yake. Lakini baada ya swali lile kaka wa patografu aliomba mapazia mawili yaliyokuwa stoo yarekebishwe, na kwenye kitanda cha pembeni bibi au dada wa mama akaanza kuruhusiwa kuingia. Naona hapo ndipo mwenye kujitolea anapopaswa kupeleka nguvu zake: kumfungulia ndugu mlango kila inapowezekana, badala ya kuchukua nafasi ya ndugu. Bibi wa Kidigo anajua nyimbo, dua na maneno ya kumtuliza mjukuu wake ambayo hakuna chuo kinachoyafundisha.

Kuhusu riziki zao nitasema kifupi, kwa kuwa wao wenyewe hawakupenda kulalamika. Wengine walipata posho ndogo, wengine nauli ya daladala, wengine chakula cha zamu tu. Dada wa Pangani aliishi kwa shangazi yake Mwanzange na siku za mapumziko alishona nguo. Kaka wa patografu alikuja kwa baiskeli, kama ilivyo desturi ya mji wetu, na mara kadhaa alitoka zamu ya usiku akaenda moja kwa moja kufanya kazi dukani kwa mtu. Mtu aliyelala kwa muda wa saa tatu tu ndiye anayehesabu mapigo ya moyo wa mtoto wako. Sioni namna ya kulitetea jambo hilo. Kijana akijitolea miezi michache ili mkono usisahau kazi, hilo lina faida kwake na kwa wodi. Lakini zamu kamili za usiku, mwezi baada ya mwezi, kwa mkunga mwenye leseni, ni ajira iliyokosa mshahara, na inapaswa kulipwa hata kama ni kwa mkataba wa muda kutoka katika mapato ya ndani ya hospitali.

Hayo ya mishahara hayaamuliwi wodini. Lakini liko ambalo liliamuliwa wodini, na sisi tuliliona likianza. Karibu na mwisho wa awamu yetu, mkuu wa wodi, baada ya mazungumzo na waliojitolea na wakunga wa zamu, alibadilisha ratiba. Majina ya waliojitolea wenye leseni yakaandikwa katika orodha ile ile ya zamu, na namba ya usajili pembeni. Mbele ya kila jina likawekwa jina la mkunga aliyeajiriwa anayemsimamia, na vitanda anavyovishughulikia. Majina ya wanafunzi na ya wageni yakawekwa chini, kila mmoja akionyeshwa yuko na nani. Katika faili, aliyeona na kutenda akaandika kwa mkono wake mwenyewe, na msimamizi akaweka saini chini yake. Wakunga wawili watu wazima waliogopa kwamba watabeba makosa ya wengine. Mkuu wa wodi aliwajibu kwamba makosa hayo tayari walikuwa wanayabeba, tofauti ni kwamba sasa watajua ni ya nani.

Asubuhi ya kwanza ya utaratibu huo nilikuwapo kwenye kukabidhiana zamu. Daktari alipofika kitanda cha tatu aliuliza kwa nini mama alianzishiwa dripu saa kumi alfajiri, na kwa mazoea akamtazama mkunga wa zamu. Mkunga akasema, “Mwulize dada, ndiye aliyekuwa naye.” Dada wa Pangani akaeleza presha ilivyokuwa, mkojo ulivyopungua, mapigo ya mtoto yalivyoshuka mara mbili na kurudi, na nani aliyeidhinisha dripu. Daktari aliuliza maswali mengine mawili, akajibiwa, akaandika maagizo yake, tukasogea kitanda cha nne.